Watu Ishirini na Saba

Mama yangu anauza nyanya Bukavu. Zamani kila alfajiri alivuka daraja la Rusizi ya Kwanza na beseni kichwani, na jioni akirudi ndipo tunajua tutakula nini. Machi 2020 mpaka ukafungwa. Mwezi Juni, wilaya nyingine ziliporuhusiwa kusafiri, Rusizi yetu ikabaki imefungwa kwa sababu ya wagonjwa wapya wa korona. Nyanya zilioza nyuma ya nyumba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilijiuliza jambo moja tu: kwa nini wasitupime sote, wazima waende kazini?

Jibu nililipata miaka minne baadaye, mwalimu alipotutaka tufasiri makala ya kisayansi kwa Kiswahili. Niliyochagua ilitoka katika jarida la Nature mwaka 2021. Jina la kwanza juu yake ni Leon Mutesa, profesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda, bingwa wa jenetiki, elimu ya mambo ya kurithi. Nakiri nilidhani daktari wa namna hiyo kwetu hutuma damu Ulaya na kungoja majibu.

Kumbe shida ilikuwa bei. Kipimo cha PCR ni sahihi lakini ghali, na nchi yetu isingeweza kumlipia kila mtu. Mutesa na wenzake, akiwemo mwanafizikia Neil Turok, waliona sampuli zichanganywe kwa mpango. Chukua watu 27, wapange kama mchemraba, watatu kila upande. Kwa kila mwelekeo kuna matabaka matatu. Jumla 9, kila moja lina watu 9. Changanya sampuli za kila tabaka, upime mara 9 badala ya 27. Akiwemo mgonjwa mmoja, matabaka matatu yataonyesha virusi, nayo hukutana kwa mtu mmoja tu. (Nilijaribu kwa maharage mezani. Ni kweli.) Wagonjwa wakiwa wengi hesabu huvurugika, kwa hiyo njia hii hufaa ugonjwa ukiwa bado haujaenea. Maabara waligundua virusi hata sampuli ilipozimuliwa mara 100.

Mwenzangu darasani anasema makala hupimwa kwa idadi ya wanaoinukuu. Sawa, lakini mimi nilijali zaidi kwamba swali langu la nyuma ya nyumba, penye nyanya zilizooza, lilikuwa swali la profesa pia, na wataalamu wa nchi tajiri walilisoma kwa sababu hata kwao vipimo ni gharama.

Nilimsomea Mama rasimu kwa simu. Hapo nilikuwa nimeandika kwamba watu "wanakatwa vipande". Akanyamaza.

"Mwanangu, usikate watu, hata kwenye karatasi."

Nikafuta, nikaandika "matabaka". Kisha akauliza hivyo vipimo tisa vingechukua siku ngapi.