Kuacha Dhambi, Kuacha Mke: Mitala Mlangoni pa Kanisa

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi. Aghalabu methali hii hutajwa katika mijadala ya siasa, lakini inawahusu pia Wakristo wanapohitilafiana kuhusu mafundisho ya imani yao. Wao huyapekua Maandiko, huitisha mikutano na kupiga kura, ilhali nyasi zenyewe hazina kiti mkutanoni. Insha hii inaliangazia suala moja ambalo limelishughulisha Kanisa barani Afrika kwa zaidi ya karne moja na nusu: mwanamume mwenye wake wawili au zaidi anapoiamini Injili na kuomba ubatizo, apokewe vipi? Na wake zake je?

Ieleweke mapema kuwa mgogoro huu haukuwa baina ya wanaoipenda mitala na wanaoichukia. Makanisa ya kimishenari yalikubaliana kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja. Kilichowatenganisha ni hatima ya wale waliokwisha kuoana kimila kabla ya kuisikia Injili. Biblia nayo haikuwarahisishia kazi. Yakobo, Elkana na Daudi walikuwa na wake zaidi ya mmoja, na hatusomi popote kwamba waliamriwa kuwafukuza. Isitoshe, katika Mathayo 19 Yesu analijibu swali la talaka kwa kurejelea uumbaji, ambapo mume na mke huunganishwa wasitenganishwe. Fungu hilohilo linalotumiwa kuipinga mitala ndilo linaloipinga talaka. Mhubiri aliyemwamuru mtu amwache mke wa pili aliitetea amri moja kwa kuihatarisha nyingine.

Miongoni mwa walioliona tatizo hili mapema ni John William Colenso, askofu wa Kianglikana huko Natal, Afrika Kusini, ambaye katika miaka ya 1850 na 1860 alipinga desturi ya kuwalazimisha waongofu kuwaacha wake zao. Msimamo wake haukushinda. Mwaka 1888 Mkutano wa Lambeth, ambao huwakusanya maaskofu wa Kianglikana kutoka kote duniani, uliamua kwa kura 83 dhidi ya 21 kwamba mwenye mitala asibatizwe, bali aendelee kufundishwa hadi atakapoweza kuipokea sheria ya Kristo. Kwa kura 54 dhidi ya 34, mkutano huo uliruhusu wake wa mtu kama huyo wabatizwe katika hali fulani. Kanisa Katoliki nalo, katika kanuni ya 1148 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, humtaka anayebatizwa abaki na mke mmoja na kuwaacha wengine, huku askofu akihakikisha kwamba walioachwa wanapata mahitaji yao.

Nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili, nimevutiwa na kitenzi kimoja katika historia hii: kuacha. Katika lugha yetu mtu huacha pombe, huacha uchawi, huacha dhambi, na huacha mke. Mwinjilisti aliyewahubiria watu waache mambo ya kale hakuhitaji kubadilisha kitenzi alipomgeukia mwenye mitala. Sidai kuwa lugha ndiyo iliyoizua sheria hiyo; sheria ilipigiwa kura mbali na hapa, kwa Kiingereza. Hata hivyo, kitenzi hicho kiliifanya amri isikike kana kwamba mke ni mfano wa kibuyu cha pombe, kitu cha kutupwa nje ya boma ili mwenyewe atakasike. Waama, pombe ikiachwa hailii. Mke akiachwa huitwa mtalaka, hurudi kwa kaka zake, na watoto wake hubaki wakiitazama njia aliyoifuata.

Kwangu mimi suala hili si la vitabuni tu. Nyanya mzaa baba alikuwa mke wa pili katika boma moja magharibi mwa Kenya. Alinisimulia kwamba yeye na mke mwenza walibatizwa, ilhali babu, aliyewatangulia kuhudhuria ibada, aliambiwa amrudishe nyanya kwao kwanza, kisha aje. Babu alikataa. Alisema kuwa aliwaahidi wakwe zake kwamba hatamtupa binti yao, na kwamba anayeivunja ahadi ya kwanza hawezi kuaminiwa kwa ya pili. Kwa zaidi ya miaka 20 aliketi kwenye benchi la mwisho, akaimba nyimbo zote, akachangia mabati ya kanisa, na kila Meza ya Bwana ilipoandaliwa akatoka nje kimya. Alipofariki mwaka 1984, kanisa halikumfanyia ibada ya mazishi.

Jirani yake, aliyekuwa pia na wake wawili, aliamua vingine. Alimrudisha mke mdogo kwao pamoja na ng'ombe mmoja, akabatizwa, na baadaye akawa mzee wa kanisa. Nyanya hakuwahi kumwita mnafiki. Alisema mtu huyo aliamini kwa moyo wake wote kwamba hayo ndiyo Mungu aliyoyataka, na kwamba halikuwa jambo jepesi kwake. Siku ya mazishi ya babu, ni jirani huyo aliyeanzisha wimbo kaburini. Hakusema kwamba babu alikuwa sahihi. Alisema tu kuwa jirani hazikwi kimyakimya. Wanaume hao wawili waliisikia Injili moja, na kila mmoja aliitii dhamiri yake. Lakini gharama ya utiifu wa babu ililipwa na babu mwenyewe, ilhali gharama ya utiifu wa jirani ililipwa na mwanamke ambaye hakuulizwa lolote.

Miaka minne baada ya mazishi hayo, Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988 uliubadili uamuzi wa karne nzima. Mmoja wa waliolishughulikia sana suala hilo ni David Gitari, wakati huo askofu wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki. Azimio la 26 lilishikilia kwamba ndoa ya mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu, lakini likaruhusu mwenye mitala abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa masharti: aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake hao yu hai, waumini wa mahali pale waridhie, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki ambayo mke huyo angeipata katika jamii. Fundisho lilibaki lilivyokuwa. Safari hii, hata hivyo, dhiki ya mwanamke iliandikwa ndani ya azimio lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba huruma hii ni mlango wa nyuma wa kuirudisha mitala. Hoja yao ina uzito, hasa inapotolewa na wanawake. Umoja wa wanateolojia wanawake wa Kiafrika, uliozinduliwa Accra mwaka 1989, umetuonya tusiutukuze utamaduni bila kuuliza umewatendea nini wanawake. Humu nchini, Bunge lilipojadili Mswada wa Ndoa mwaka 2014, wabunge walikiondoa kifungu kilichompa mke nafasi ya kumkataza mumewe asioe mwingine. Wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira, na Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya likamsihi Rais asiutie sahihi. Aliutia. Nyanya mwenyewe hakuisifu mitala, na aliwakataza binti zake wasiolewe wake wa pili. Lakini kumzuia mtu asiingie katika ukewenza ni jambo moja. Kumtoa aliyekwisha kuingia, akiwa na watoto wanne, ni jambo jingine kabisa.

Naam, Wakristo watazidi kuhitilafiana, leo kuhusu hili na kesho kuhusu lile. Katika Matendo ya Mitume 15, mitume na wazee walibishana vikali kuhusu masharti ya kuwapokea watu wa Mataifa, na kabla ya uamuzi kutolewa, Petro, Barnaba na Paulo walisimulia yale Mungu aliyoyatenda kati ya watu hao. Utaratibu huo ungali unafaa. Iwe ni katika kamati ya kanisa au katika vikao vya wanafunzi Wakristo vyuoni, aitwe yule atakayeilipa gharama ya uamuzi, asikilizwe kabla ya kura kupigwa. Nasi wapenzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu wa kuvichunguza vitenzi tunavyoviazima kuwaamuru wenzetu. Tunapomwambia mtu aache, tuulize kwanza kama kinachoachwa ni kitu au ni mtu.