Toulouse, mji ambamo wazee walirudi shuleni

Mtoto akichukua daftari lake asubuhi na kushika njia ya shule, hakuna anayeshangaa. Lakini babu yake akichukua daftari na kumfuata, majirani watacheka: «Mzee, unatafuta cheo gani sasa?» Leo twende pamoja hata mji mmoja wa Ufaransa, tukaone jinsi kicheko hicho kilivyopata jibu.

Mji huo ni Toulouse, upande wa kusini, kando ya mto Garonne. Wenyeji wake tangu kale walijenga kwa matofali ya udongo uliochomwa, na jua linapokaribia kutua kuta huonekana zina rangi ya waridi. Chuo kikuu chake ni cha zamani sana, kilianzishwa mwaka 1229. Kwa karne nyingi vijana ndio walioingia humo, na mwenye mvi aliyeonekana mlangoni alidhaniwa kuwa mwalimu.

Mwaka 1973 mwalimu mmoja wa sheria katika chuo hicho, Pierre Vellas, aliwafikiria watu waliokwisha kustaafu. Walikuwa na pensheni na dawa, tena wengi walikuwa na nguvu bado. Walichokosa ni shughuli ya akili na watu wa kuzungumza nao. Siku nzima walikaa dirishani wakitazama wengine wakipita. Basi Vellas akawafungulia masomo, akayaita Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu. Umri wa kwanza ni utoto, wa pili ni wa kazi, na wa tatu ni ule unaofuata baada ya kazi. Hapakuwa na mtihani wa kuingia wala shahada ya kutokea. Ada ilikuwa ndogo. Walisikiliza mafundisho, walifanya mazoezi ya viungo, na walitoka kwenda kutazama vitu kwa macho yao.

Na mji wenyewe ni kitabu kizuri kwa matembezi ya namna hiyo. Ingia katika kanisa la Wajakobini, lililojengwa na Wadominiko. Nguzo moja ndefu imesimama humo, na juu yake matao 22 yanatawanyika kama makuti ya mchikichi. Watu huliita mchikichi. Chini ya altare imehifadhiwa mifupa ya Mtakatifu Toma wa Akwino. Ililetwa Toulouse mwaka 1369. Wakati wa mapinduzi ya Wafaransa ikahamishiwa kanisa la Saint-Sernin, na mwaka 1974 ikarudishwa mahali pake. Mzee aliyepita mlango ule miaka arobaini akienda sokoni anaweza siku hiyo kujua kwa mara ya kwanza kwa nini nguzo ile haianguki.

Kisha nenda kwenye mfereji uitwao Canal du Midi. Unaanzia Toulouse na kwenda kilometa 240 hivi kuelekea bahari ya Mediteranea. Aliyeubuni, Pierre-Paul Riquet, alikuwa mtoza kodi ya chumvi, si mhandisi wa shule. Mfalme Louis XIV alipotoa idhini mwaka 1666, Riquet alikuwa amekwisha kupita miaka 55. Tatizo lilikuwa hili: chombo kitapandaje kilima, na maji ya mahali pa juu yatatoka wapi? Riquet alikusanya vijito vya milimani, akavielekeza Naurouze, mahali palipo juu kuliko pote njiani. Kutoka hapo maji hugawanyika, mengine yakashuka magharibi, mengine mashariki. Na kwenye miteremko kuna malango ya maji: chombo kinaingia kati ya milango miwili, mmoja unafungwa nyuma yake, maji yanajaa, nacho kinainuka polepole kama mtu anayepanda ngazi. Riquet alifariki mwaka 1680. Mwaka uliofuata mfereji ukafunguliwa. Hakuuona umekamilika, lakini hakusema «nimezeeka» alipouanza.

Mfano wa Toulouse ulienea upesi katika nchi nyingine. Huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1981 waliubadili: hawakungoja maprofesa. Wazee wenyewe walifundishana, aliyejua bustani akafundisha bustani, aliyejua lugha akafundisha lugha, na aliyekuwa mwalimu asubuhi akawa mwanafunzi jioni.

Hapo ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwetu. Kweli, sisi hatuna pensheni za Toulouse, na wazee wetu wengi hawakupata hata darasa la kwanza. Tena twasema mzee ndiye mwalimu, na ni kweli. Lakini tazama bibi anayepokea ujumbe katika simu kutoka kwa mwanawe aliye mbali. Hajui kusoma; anamwita mjukuu. Siri ya mama na mwana inapita kinywani mwa mtoto wa miaka kumi, naye mara anaruka neno, mara anacheka. Bibi ananyamaza. Je, huyo hana haja ya shule?

Tunayo majumba ya parokia yanayokaa wazi siku za kazi, na walimu waliostaafu wanaokaa barazani. Bibi anayejua dawa za mitishamba atafundisha saa moja. Saa ya pili atashika kalamu. Na siku moja katika mwezi watoke pamoja, wakaone kiwanda, bandari au kanisa la zamani, mtu akiwaeleza jinsi lilivyojengwa. Kuuliza si ujinga, wala mvi hazimkatazi mtu kuuliza.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, bibi akikuita leo jioni, msomee ujumbe wake wote bila kuruka neno. Kisha umwonyeshe herufi ya kwanza ya jina lake.