Mfereji wa shawa unaovuja: kutengeneza au kung'oa?

Watu wa programu tuna ugonjwa mmoja. Tupe programu ya zamani yenye kasoro, na neno la kwanza kututoka mdomoni ni "tuandike upya." Mwezi uliopita niliukuta ugonjwa huo bafuni.

Ninaishi karibu na Soko la Burma, pembeni mwa Jogoo Road, Nairobi. Wengi wanalijua soko hili kwa nyama. Jina lake linakumbusha nchi ya Asia ambako askari kutoka Afrika Mashariki walipigana katika Vita Kuu ya Pili, hasa mwaka 1944. Nyumba nyingi za mitaa hii ni za zamani, na mabomba yaliyo ndani ya kuta ni ya zamani vilevile.

Mfereji wa shawa yetu ulikuwa unavuja. Niliweka jagi la lita 1 chini yake nikatazama saa: lilijaa kwa dakika 40. Piga hesabu. Hiyo ni lita 36 kwa siku, karibu mitungi miwili ya lita 20. Jengo letu hupata maji ya mgao siku mbili kwa wiki. Siku tano zilizobaki, nyumba nane hutegemea tangi moja lililo juu ya paa. Katika siku hizo tano shawa yangu ilikuwa inamwaga lita 180, yaani mitungi tisa.

Mitungi tisa si hesabu ya karatasini. Chini kabisa anaishi shosho mmoja anayemuuguza mumewe, mzee ambaye hawezi kuinuka kitandani. Kila siku humwogesha na kufua mashuka. Tangi likikauka siku ya tano, yeye ndiye anayenunua maji ya mkokoteni.

Fundi wa kwanza alitazama kwa dakika mbili akasema: vunja ukuta, ng'oa kila kitu, weka mfereji wa kisasa wa kufungua kwa robo mzunguko. Kazi ya siku tatu. Tatizo ni kwamba ngazi yetu yote ina geti valvu moja. Siku tatu bila maji kwangu ni siku tatu bila maji kwa shosho pia.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa makamo, na duka lake la hadwea liko hatua chache kutoka sokoni. Nilimuuliza, "Mzee, si ni afadhali tubadilishe yote?" Akajibu, "Kijana, kwanza tufungue tuone ni nini kimekufa."

Ndani ya mfereji wa aina hii hakuna maajabu. Ukizungusha mkono, skrubu hushusha kipande cha mpira, yaani wosha, mpaka kikalie tundu la shaba linaloitwa kiti. Wosha ikikalia kiti vizuri, maji yanasimama. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu na kupasuka, na maji hupenya. Mtu akiona maji yanapita, hukaza zaidi. Mpira unasagika zaidi, na mwishowe kiti chenyewe kinachimbika. Kukaza huko ni sawa na kuzima seva na kuiwasha kila usiku: leo umelala, kesho tatizo limekomaa.

Mzee alifunga geti valvu, akashika mwili wa mfereji kwa spana moja na kufungua kichwa kwa spana nyingine. Hizo spana mbili ndizo siri ya kazi. Bomba la zamani la chuma limeliwa na kutu, na ukizungusha kichwa bila kuushikilia mwili, nguvu yote huingia kwenye bomba na linaweza kukatikia ndani ya ukuta. Hapo utavunja ukuta upende usipende. Kiti kilikuwa na mikwaruzo. Alikisawazisha kwa kifaa kidogo cha kukwangua, akaweka wosha mpya, akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi, akafunga. Maji yalikatwa kwa dakika 50.

Kilichonifurahisha zaidi ni wosha yenyewe. Ilitoka kwenye kopo lenye wosha mamia, bila jina la kampuni, na ikaingia sawasawa katika mfereji unaonizidi umri. Nyuzi za mabomba yetu pia zinafuata kipimo cha Waingereza: bomba la nusu inchi lina nyuzi 14 kwa kila inchi, na asili yake ni mfumo uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Hicho ndicho kiwango huria kwa maana kamili. Mifereji ya kisasa ina kitunguu cha ndani chenye sahani za kauri. Hufungwa kwa wepesi, lakini mchanga unaokuja na maji ya mgao hukwaruza sahani hizo, na vipimo vya kitunguu hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Ikifa, unamtafuta yuleyule aliyeitengeneza.

Sisemi kila cha zamani kitunzwe. Kama mwili wa mfereji umepasuka, nyuzi zimekwisha, au kiti kimechimbika hadi hakisawazishiki, ng'oa. Ila kwanza fungua ndani utazame. Wenzetu wa Netscape walitoa toleo la 4 mwaka 1997, kisha wakaamua kuandika sehemu kubwa upya. Toleo la 5 halikutoka kabisa. La 6 lilitoka Novemba 2000, na kwa wakati huo Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa imekwisha kuchukua watumiaji wengi. Programu ya zamani, hata ikiwa mbaya, kuna watu wanaoitegemea wakati wewe unajenga mpya.

Gharama: wosha shilingi 20, tepu 50, fundi 700. Usiku ule niliweka jagi tena chini ya shawa, na asubuhi lilikuwa kavu. Siku ya tano nilipanda juu ya paa kupima tangi: maji yalikuwa bado yapo, na mwenye mkokoteni alipita mlango wa shosho bila kusimama.