Miji ya Barabara ya Mombasa na Kumbukumbu Zake

Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi yapata urefu wa kilomita 480. Magari ya mizigo huipita usiku na mchana, yakichukua mali ya bandarini mpaka Uganda, Rwanda na Kongo. Walakini wengi waipitao huijua kwa macho tu. Ukiwauliza mji fulani uko katika kaunti gani, au njia yenyewe ina namba gani, hutazamana.

Msafiri aondokaye Mombasa hufika Mazeras na Mariakani, kisha Samburu. Hapo ndipo penye mashaka. Samburu hiyo ni mji mdogo wa Kaunti ya Kwale, nao uko mbali sana na Kaunti ya Samburu iliyoko kaskazini, ambayo makao yake makuu ni Maralal. Karani aandikaye "Samburu" peke yake, bila kutaja kaunti, aweza kupeleka barua, mbegu au dawa kusikohusika. Na mgonjwa hawezi kungoja mpaka kosa lisahihishwe.

Mbele yake ni Voi, ambapo njia ya Taveta huachana na barabara kuu na kuelekea mpaka wa Tanzania. Mtito Andei uko karibu na nusu ya safari, na madereva wengi hupumzika hapo. Kisha huja Kibwezi, na Makindu penye hekalu la Masingasinga, ambapo msafiri yeyote hulishwa bila malipo. Emali ndipo penye njia ya Loitokitok. Sultan Hamud hukumbusha jina la Sultani wa Unguja aliyetawala tangu 1896 mpaka 1902, siku zile reli ilipokuwa ikijengwa. Mwisho ni Athi River, ambao manispaa yake huitwa Mavoko. Mgeni asomaye majina hayo mawili aweza kudhani ni miji miwili.

Namba za barabara nazo zimebadilika. Zamani sehemu ya kutoka Mombasa iliitwa A109, na ile ya kutoka Nairobi mpaka Malaba iliitwa A104. Kwa orodha mpya ya mwaka 2016 zote zimekuwa A8. Miji pia haikai katika hali moja: Broderick Falls ya zamani ndiyo Webuye ya leo, na Thomson's Falls ndiyo Nyahururu. Nakuru ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2021, na Eldoret mwaka 2024. Kitabu kilichochapwa kabla ya mabadiliko hayo hakisemi uongo. Ni cha wakati wake tu.

Siku hizi habari kama hizo hukusanywa katika intaneti. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na ramani iitwayo OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004. Zote mbili huandikwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walitembea vichochoroni mwao na kuichora mitaa yao katika ramani hiyo, maana hapo kwanza haikuonyeshwa kama ipasavyo.

Kazi hii haihitaji elimu kubwa, bali yataka utaratibu. Kila mji uandikwe jina lake la leo na la zamani, kaunti yake, barabara ipitayo pamoja na namba yake, na umbali wake kutoka mji mkubwa ulio karibu. Tena mwaka wa habari utajwe, ili asomaye baadaye ajue kama imechakaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mji nao ni mali ya wakaao humo. Mkulima aijuaye njia ya shambani mwake mpaka barabara kuu, na karani mwenye orodha sahihi mezani, ndio wafaao kuianza kazi hiyo, kila mtu kwa mji wake.