Herufi za Njia Panda

Makambako ilinifundisha kusoma maandishi ya barabarani. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana pale na ile ya Njombe na Songea, reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo, na miaka ile ya katikati ya 2000 kila gari lililopita lilikuwa na neno nyuma au ubavuni. Sisi wa steshenari ya karibu na stendi tulikuwa tukitoka nje na vikombe vya chai, makoti mwilini, maana baridi ya Juni na Julai kule haina mchezo, tunaanza kubishana: lile neno la kwenye kioo cha basi ni Impact, au ni Arial Black imebanwa?

Ubishi ule ulikuwa kazi. Kadi za michango, za mwaliko, za kipaimara, ndizo zilizolipa kodi ya pango, na mteja alikuwa anakuja na kadi ya harusi ya ndugu yake wa mjini, imekunjwa mpaka imechanika, anasema anataka mwandiko ule ule. Mara nyingi ilikuwa Edwardian Script au Monotype Corsiva, hizo unazijua ukiwa mlangoni. Shida ni herufi za kawaida, zisizo na madoido. Hapo unatafuta mguu wa R. Wa Arial umenyooka kwa mshazari. Wa Helvetica unajipinda kisha unashuka wima. Kama R haimo, angalia t ndogo: ya Arial imekatwa mshazari kichwani. Nilipenda sana kazi hiyo, na bado naipenda. Kuijua herufi ni kumjua aliyeketi akaichora, na Arial waliichora watu wawili, Robin Nicholas na Patricia Saunders, mwaka 1982.

Tulikuwa na wenzetu Njombe mjini, mwendo wa kilometa kama 60, na kati yetu zilipita bahasha zenye CD na flash mikononi mwa makonda. Hakuna aliyeandika masharti, lakini masharti yalikuwepo. Ukiuliza, leta neno zima, siyo herufi moja iliyokatwa kwenye kadi. Sema umeliona wapi na unataka kulifanyia nini. Ukijibu, tenganisha “inafanana na” na “ndiyo yenyewe”, kwa sababu mwenzako atachapa kadi mia tatu kwa neno lako. Ukituma fonti, taja na kasoro yake. Nyingi za bure zilikuwa hazina ile alama ya kwenye ng', na bucha iliyotaka “Nyama ya Ng'ombe” ingepata kiboksi kitupu katikati ya ng'ombe.

Na jina usilibadilishe. Duka moja lilikuwa na tabia ya kuyapa mafaili majina yake, HARUSI1, HARUSI2, ili ionekane ni mali ya pale. Ukilibofya faili mara mbili, jina la kweli linatokea juu, na mara nyingi chini yake jina la mwenye haki. Tuliliona hilo jambo baya kuliko hata kunyima.

Kunyima kulikuwa na heshima yake. Fonti iliyonunuliwa haiombwi, inaombwa kazi. Unatengeneza kadi kwenye CorelDRAW, unachagua maneno, unabonyeza Ctrl na Q, herufi zinageuka kuwa michoro. Kadi inakwenda kiwandani kamili, fonti inabaki kwa mwenyewe. Usipofanya hivyo, kompyuta ya kule inaikosa fonti, inaweka nyingine inayoiona ina nafuu, na jina la bibi harusi linatoka kwa sura isiyo yake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ilikuwepo, lakini adabu hii hatukuipata huko. Tuliipata kwa mafundi wa mabango, wa brashi na kamba ya chaki, waliokuwa wakiweka jina lao kwenye kona ya chini ya kila kibao na hawagusi kibao cha mwenzao bila kumwuliza.

Siku moja aliingia mama mmoja na picha ya msalaba.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Huu ni wa baba. Sasa mama naye ametutoka. Nataka jina lake liandikwe hivi hivi, wakae pamoja.”

Ulikuwa msalaba wa mbao, rangi nyeupe, herufi nyeusi. S ilikuwa na tumbo zito chini, K imenyoosha mguu hadi chini ya herufi iliyofuata. Tulipitia fonti zote tulizokuwa nazo, mama amekaa kwenye benchi anasubiri. Aliyeng'amua ni dada wa mapokezi: A zilikuwa tatu kwenye jina lile, na hakuna mbili zilizolingana. Fonti ingezitoa zote sawa. Huu ulikuwa mkono wa mtu.

Tungeweza kuziskani tukaziunga. Bosi wetu alikataa, akasema mwenye herufi yupo, aulizwe kwanza. Konda aliulizia Njombe, na siku ya pili tukapata jibu: fundi yuko hai, ana banda karibu na soko, anaandika misalaba na vibao vya maduka. Mama akapanda gari akamfuata.

Fundi mwenyewe alikuja Makambako baadaye kununua rangi, akapita kutushukuru. Tukamwomba atuandikie alfabeti yake. Aliiandika yote kwenye manila, taratibu, akiongeza na ng' bila kuambiwa, kisha akaweka jina lake kwenye kona. Alisema tuitundike, wateja waione, ila anayeitaka aelekezwe kwake. Tuliitundika juu ya mashine ya fotokopi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akaipenda, akatubembeleza tumtolee jina la duka lake pale pale kwa bei yoyote. Tulimpa jina la fundi na mahali lilipo banda lake. Fundi alipanda basi la asubuhi na brashi zake, akaandika ukuta mzima, na kabla hajamaliza jirani wa duka lile alikuwa ameshamlipa nusu ya kazi yake.