Ziwa Lilipopanda Kilomita 28

Mswahili husema "ishirini na tano": kubwa kwanza, dogo baadaye. Mwarabu, ambaye tulichukua kwake neno ishirini lenyewe, huanza na tano. Wote wawili hutaja idadi ile ile, mradi kila mmoja ajue mwenzake anaanzia upande gani.

Kompyuta nazo zina tabia hiyo. Namba isiyoenea katika baiti moja hugawanywa katika baiti mbili au zaidi. Kompyuta nyingi za leo huhifadhi baiti ndogo kwanza, lakini baadhi ya faili huandikwa kwa kutanguliza baiti kubwa. Miongoni mwazo ni faili za mwinuko wa ardhi zilizotokana na safari ya chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000. Humo kila kimo kina baiti mbili, kubwa ikitangulia.

Mimi nasoma Kiswahili na Jiografia katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda. Muhula uliopita kikundi chetu kilipewa kazi ya kuchora ramani ya vijiji vilivyo kando ya Ziwa Viktoria, ili kuonyesha makazi yanayoweza kufikiwa na maji yakipanda tena kama mwaka 2020. Tulitumia maktaba ya programu huria inayosoma faili hizo. Ramani ilipotoka, uso wa ziwa ulikuwa mita 28,164 juu ya usawa wa bahari. Kilimanjaro yenyewe ina mita 5,895!

Tulicheka, kisha tukachukua kalamu. Kimo halisi kilikuwa mita 1,134, yaani 4 mara 256, ongeza 110. Ukizigeuza baiti hizo unapata 110 mara 256, ongeza 4: ndiyo 28,164. Kilima cha mita 1,152 kilikuwa kimezama mita 32,764 chini ya bahari. Baada ya majaribio tukapata chanzo. Faili ya kawaida ilisomwa vizuri, lakini ikisomwa ikiwa bado imebanwa, maktaba iliruka hatua ya kugeuza baiti.

Wenzangu wakasema tufungue faili kwanza, tumalize kazi, basi. Kwa ramani yetu hilo lilitosha. Ndipo rafiki yetu kutoka Burundi alipofanya hesabu ya ziwa la kwao. Mita 773 za Tanganyika zikigeuzwa huwa 1,283. Hapo hakuna aliyecheka. Mita 1,283 ni kimo cha kuaminika kabisa. Mtu asiyelijua ziwa lile angekiandika katika ripoti yake, na ripoti hiyo ingeweza kuamua nani ahamishwe na nani abaki. Kosa letu lilipiga kelele. La jirani lingenyamaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ungejengwa na watu tusiowajua.

Kwa hiyo tuliwaandikia watunzaji wa maktaba hiyo. Hatukumlaumu mtu, kwani wengi wao hujitolea bila malipo. Tulitaja toleo la maktaba, aina ya kompyuta yetu, hatua tulizofuata, namba tuliyotarajia na namba tuliyopata, pamoja na hesabu ya baiti mbili. Tulitaka msomaji aliye mbali, asiyewahi kuliona ziwa letu, aweze kulirudia kosa mwenyewe bila kutuuliza swali la pili.

Hata hivyo aliuliza moja: je, tunaweza kumpa faili ndogo zaidi? Tukatengeneza faili yenye vimo vinne tu, tukaibana, tukamtumia. Wiki iliyofuata toleo jipya likatoka. Tangu hapo, kila maktaba ile inapobadilishwa, hupimwa kwanza kwa baiti nane za Ziwa Viktoria, na jibu lisipokuwa mita 1,134, mabadiliko hayapokelewi.