Rangi Nne za Marabou

Nilinunua tyubu nne tu kwa sababu pesa iliishia hapo: nyeupe, nyeusi, nyekundu na manjano ya udongo. Bluu nikaiacha dukani. Baadaye nilisoma kwamba Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi aliyefariki 1920, anakumbukwa kwa rangi hizo hizo nne. Nikajisikia afadhali kidogo.

Lakini pesa yenyewe haikuwa yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na mamangu, fundi wa nguo Thika, hakujua. Kila mwisho wa mwezi simu ililia: karo, kidogo kidogo. Nililipia kodi ya keja, na sasa rangi za mafuta.

Nilimchagua marabou. Unamjua: yule korongo mwenye upara anayesimama juu ya migunga ya Mombasa Road, karibu na Uwanja wa Nyayo, kama kanjo anayengoja mtu wa kushika. Nilienda kumwangalia siku tatu, nikampiga picha na simu, nikarudi kwa keja.

Shida ilikuwa mabawa. Yana kijivu kinachoelekea bluu, na bluu sina. Nikachanganya nyeusi na nyeupe, nikapata rangi ya simiti. Basi nikaiacha, nikashughulikia shingo: nyekundu, nyeupe nyingi, manjano kidogo, mpaka ikafanana na ngozi iliyochomwa na jua. Nilipoinua macho, bawa lilikuwa limegeuka bluu. Sikuwa nimeongeza kitu. Kijivu kikikaa karibu na rangi yenye joto, jicho lenyewe hukisukuma upande wa baridi.

Mwanzoni nilichora kila unyoya, ndege akatoka kama kikapu. Nikafuta kwa kitambaa chenye tapentaini. Safari hii nilianza na vivuli vikubwa, rangi nyepesi, kisha tabaka za juu nikazitia mafuta zaidi zisije zikapasuka. Manyoya machache tu niliyaonyesha, pale mwanga ulipogonga. Tone jeupe la jicho lilikuja mwisho.

Nikamtumia mamangu picha. Akapiga simu papo hapo; cherehani ilikuwa inanguruma nyuma yake.

“Hiyo bluu ya bawa umeipata wapi?”

“Hakuna bluu, Mama. Ni nyeusi na nyeupe.”

“Nidanganye mimi? Mimi ninayelinganisha uzi na kitambaa kila siku?”

Kisha akauliza kwa nini nimempaka miguu chokaa. Nikamweleza kwamba miguu ya marabou ni myeusi. Ule weupe ni kinyesi. Hujinyea miguuni ili apoe jua likiwaka. Niliipaka nyeusi kwanza, halafu nikaichafua.

Akacheka sana. “Na huko chuo ndiko wanawafunza haya?”

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimesema ndiyo miezi minane.

“Mama, mimi siendi chuo. Niliacha.”

Cherehani ikanyamaza. Nilisikia pikipiki ikipita huko kwake, halafu nyingine. Nikaangalia bawa langu, nikiwa na hakika atakata simu.

“Hiyo picha imekauka?”

“Bado. Mafuta huchukua siku nyingi.”

“Ikikauka uilete nyumbani,” akasema. “Na uje na hesabu ya pesa zangu zote. Iandike kwa karatasi.”

Nimeanza kuiandika. Mstari wa kwanza ni tyubu nne.